Kinywa Yenye Ilileta Kifo

Etterbeek, 12 novembre 2006

Yaya Mwadi,

Nakusalimia sana, weye na maman na bote ba ku lupango. Hapa niko muzima. Baridi ilianza, mais haiyakuwa ile ya kuuma meno. Barua yako ilinifikia ku mukono ya père moja, padri, imekunjwa, imekunjwa tena, jusque ikakuwa kadogo sawa kipande ya sabuni, na ilinukia moshi. Niliinusa mbele ya kuisoma. Usicheke.

Kazi iko ile ile. Ninaikala ku mulango ya nyumba moja ya ba-bureaux pale Schuman, ninaangalia bantu na badge yabo. Banasema "bonjour" bila kuangalia, na miye ninaitika. Kuko asubui brouillard, ukungu, inashuka jusque chini, alors banatoka mu métro bila miguu, kichwa tu inaelea, sawa bantu benye kuvuka mto na hawajui kama balishavuka. Saa ile ninasahau niko wapi. Ninaona muntu moja na mabega yenye ninajua, ninasimama, ninataka kumuita. Kiisha anageuka: ni muzungu na parapluie yake.

Dimanche nilienda Matonge, kartiye yetu bantu ba Congo hapa. Mu Galerie d'Ixelles bote banasemea tu élections ya kwetu. Maman Bibiane, mwenye téléboutique, ile duka ya kupigia simu, aliweka radio juu ya meza, inalia na nguvu. Papa moja wa Lubumbashi akatoka ku salon akamupigia kelele: "Bibiane, shusha ile sauti! Beko nasuka muke yangu, atatoka na nywele ya campagne!" Tulicheka sana. Bon, ile njo furaha yetu.

Uliandika pale chini kabisa, na maneno kidogo, kama bantu beko natoka mu pori. Donc ni kweli? Bale benye ba-combattants balibebaka wakati ya vita, kuchimba mawe na kubeba mizigo? Niambie. Ao usiniambie, kama iko muzito.

Kaburi ya bwana yako Joël, unaendelea kuipalilia? Uweke maua moja kwa jina yangu. Najua mujane anachokaka, mais najua na moyo yako. Muguu yangu ya kushoto inaniuma. Ni baridi tu.

Mudogo yako,
Nday


Kasongwa, 3 février 2007

Nday, mutoto ya tumbo moja na miye,

Barua yako ilifika siku mvua ilitoboa paa ya kanisa. Maman anakusalimia. Jicho yake ya kuume ilikwisha, mais kinywa inatumika. Anauliza kama kule munapata sombe, majani ya muhogo. Nilimusomea ile habari yako ya bantu bila miguu, akasema: "Huyu mutoto, analalaka kweli?"

Ndiyo, ni kweli. Ba-combattants balipana bunduki yabo kwa serikali, bakaenda, na bale benye balikuwa banabatumikisha bakabaki mu njia. Bakashuka huku moja moja. Chef wa mugini hapendi tuseme batumwa. Anasema "benye balikawia". Mais kuko muke moja, jina yake Mujinga, wa ng'ambo ya mto, ku kifundo yake kamba iliingia mu nyama jusque ikafanya sawa pete. Kama ile haikuwa butumwa, basi ni nini?

Beko nalala mu hangar ya zamani ya pamba. Balikuwa banafikiri batarudia mu nyumba yabo. Nyumba gani? Karibu bote tulishabalilia. Unajua namna yetu: muntu akipotea na habari ya kifo ikifika, tunazika mugomba ya ndizi ku nafasi ya mwili, tunafanya matanga, kiisha shamba inaenda kwa ndugu. Sasa marehemu anarudia na miguu yake. Chef anasema muntu mwenye alishazikwa hana shamba na hana kiti mu baraza. Anaweza kulimia wengine, bamupe sahani ya bukari. Donc kila asubui banasimama ku njia, mikono mitupu, na benye mashamba banapita banachagua: "Weye. Na weye, mwenye mabega." Miye ninageuza uso. Vita ilikwisha, Nday, na beko nachaguliwa tena.

Juzi mwanaume moja wa ku hangar aliingia mu baraza, akasimama. Chef akamuambia, "Ikala chini, marehemu." Bantu bakacheka. Ule akamuitika: "Chef, marehemu haikalake. Analala. Na miye nilishachoka kulala." Bakacheka tena, mais ile mara balicheka na yeye.

Ku kaburi sijaenda. Ntakuambia siku ingine.

Ninakuuliza kintu moja, usikasirike. Ile siku ulifika, ukasimama mu lupango, ukasema Joël alikufa: ulimuona na macho yako?

Mwadi


Etterbeek, 6 mai 2007

Yaya Mwadi,

Salamu mingi kwako na kwa maman. Umuambie sombe iko, inakuja na ndege, inafika imechoka kuliko abiria. Barua yako ililala Lubumbashi jusque Pâques. Niliisoma mu métro, nikapita station yangu, nikapita na ingine, nikafika mwisho ya ligne kwenye sikuyafikaka. Nilitoka, nikaikala ku banc. Kulikuwa miti ya marronnier na maua yake meupe, sawa muntu amewasha mishumaa mu muti mukati ya mchana. Niliona muntu analima chini yake. Alikuwa analima bila kuinua kichwa, jembe haitoi sauti. Nilijua nikimuita atainua kichwa. Sikumuita. Train ilikuja nikapanda.

Yaya, mambo ya vita tuache. Nilisema yenye nilisema. Na hapa makaratasi yangu ya kuwa Mubelge iko mu bureau, na mu dossier niliandikisha kama beau-frère yangu, bwana yako, alikufa. Nikianza kugeuza maneno, banaweza kunirudisha. Unaelewa.

Mais ule mwanaume mwenye alisimama mu baraza, eko namna gani? Ni murefu?

Nday


Kasongwa, 24 juin 2007

Nday,

Maman anakusalimia. Tulivuna mahindi, si mingi.

Unauliza kama ni murefu. Hukuuliza jina yake. Muntu mwenye hana kintu ya kuficha angeuliza jina.

Ni Joël. Alishafika mbele hata ya barua yangu ya février. Nilikuwa nangojea weye useme, na weye unaniandikia maua ya miti.

Hasemi mubaya juu yako. Hasemi kintu. Nilimuuliza: "Nday alikuachia wapi?" Akasema: "Umuulize Nday." Nikamuuliza tena, akainuka akaenda kukata nyasi ya paa ya hangar.

Sasa sikia. Aliingia mu baraza kulomba shamba yake. Chef akamuambia mbele ya bote: "Kifo yako ilifika hapa mu kinywa ya Nday. Itatoka mu kinywa ya Nday. Miye siwezi kuondoa kintu yenye sikuleta." Père wa parokia akasema tunaweza kukuandikia, uandike. Chef akasema: "Karatasi haina kinywa. Akuje, asimame ku kaburi." Anajua uko mbali, njo maana anasema vile. Na wengine bote ba hangar beko naangalia. Kama kifo ya Joël inaondoka, ya kwao inaweza kuondoka. Kama inabaki, batakuwa bantu ya kuchaguliwa ku njia jusque batoto ya batoto yabo.

Sikulombi ingine.

Mwadi


Etterbeek, 9 septembre 2007

Yaya Mwadi,

Ninaandika "nakusalimia", kiisha bic inasimama. Donc leo nisamehe salamu. Maman umushike tu mukono.

Kwanza, makaratasi nilikudanganya. Niko Mubelge tangu mwaka jana. Hakuna mwenye atanirudisha fasi yoyote. Nilijificha nyuma ya dossier sawa mutoto nyuma ya mulango, miguu inaonekana.

Sasa ntakuambia. Sikuyaambiaka muntu, hata padri.

Kule mu pori balikuwa banatufunga babili babili, kamba moja, muguu yangu ya kushoto ku muguu ya Joël ya kuume. Mchana kutwa tulikuwa mu mto, tunaosha mchanga tutoe mawe. Hata tukilala kamba iko. Na Joël alikuwa na mazoea: akigeuka mu usingizi, alikuwa anavuta kamba kidogo, kusikia kama niko. Na miye ninavuta kidogo, kumuitika. Hatukusema juu ya ile hata siku moja. Ni kintu ya mu usingizi, sawa namna mutoto anatafuta mama na mukono. Mais ile njo ilituweka, yaya. Muntu mwenye haitikiwi kule alikuwa anakufa.

Homa ikamukamata. Asubui moja brouillard ilishuka mu mto, muzito, hatukuona hata mayi tulisimama ndani yake. Mulinzi akaenda kujifunika chini ya miti. Joël akalala pale ku ukingo, anatetemeka. Kamba ilikuwa imelowana siku mingi, na fundo ya ku muguu yangu ikafunguka. Sikuivuta na nguvu. Ilifunguka yenyewe, pole pole, sawa mulango muntu amesukuma na kidole. Niliangalia muguu yangu nikafikiri ni ndoto ya Joël, niko mu homa yake.

Ningeweza kumuamsha. Angeweza kutembea? Labda. Kila mwaka ninamutembeza mu kichwa yangu: siku ingine anafika, siku ingine anaanguka ku njia na banatukamata bote. Mais ile asubui sikuwaza yote ile. Niliwaza kintu moja: akigeuka, atavuta kamba, na kamba itakuja tupu, ataamka, ataniita na sauti.

Alors nilitafuta muzizi. Kulikuwa muti ku ukingo, na muzizi yake moja ilikuwa imetoka inje, nyembamba, yenye kucheza: ukiivuta inavutika, ukiiachia inarudia. Nilifunga mwisho ya kamba pale. Nilifunga muzuri, nilichukua wakati yangu. Na Joël akageuka, akavuta. Na muzizi ikamuitika.

Akaendelea kulala. Nikaenda.

Ile njo yote. Sikumuona akikufa. Siku nilifika kwenu, weye ulitoka ku mulango, hukuniangalia. Uliangalia nyuma yangu, mu njia. Uliangalia muda mrefu. Kama ningesema "eko muzima", mungeuliza: basi weye uko hapa namna gani? Donc nilimuua pale mu lupango, na maneno, weye ukiwa na kibuyu ya mayi ku mukono. Nilizika na miye ule mugomba. Niliubeba ku mabega, bantu banasema, "Nday anamupenda sana."

Hapa ninaonekana muntu muzuri. Mais mu métro, bantu bakisukumana na muntu akigusa muguu yangu, muguu inavuta kidogo. Inaitika yenyewe.

Kinywa yangu iko. Niambie namna gani itafika kule.

Nday


Kasongwa, 28 octobre 2007

Nday,

Nilisoma. Nilienda ku mto nikafua nguo yenye ilikuwa safi. Nilirudia, nikasoma tena. Maman sikumusomea.

Na miye nilikuficha. Kiisha matanga, Rigobert, mudogo ya Joël, alichukua shamba, na akanichukua na miye, vile desturi inasema. Nilikataa, bakaniita, nikakataa, kiisha nikachoka. Hanipigake. Tuko na mutoto, Emmanuella, anapenda kula udongo ya ku ukuta. Sikukuandikia juu ya vile kila barua ulikuwa unaniita mujane, na ile neno ilikuwa inanipumzisha. Ninaisoma, ninakuwa ya Joël kidogo. Sasa ujue: siku Joël alitoka mu pori, aliuliza nyumba yangu, batoto bakamupeleka. Alinikuta ninamunyonyesha mutoto ya mudogo yake. Akasema "bonjour maman", sawa muntu mugeni. Akarudia mu hangar.

Usitafute mu hii barua kama nakulaumu ao hapana. Sina nafasi.

Père eko na simu. Hapa réseau inakamata fasi moja tu, ku kilima ya makaburi. Chef alikataa: "Simu iko na kinywa?" Mujinga, ule wa alama ku kifundo, alikuwa amesimama inje ya baraza juu banamukataza kuingia, akasema ku dirisha: "Chef, juzi ulitukana mukwe yako mu simu, na banasema hajakula siku mbili. Donc kinywa iko." Bantu balilala chini na kicheko. Chef mwenyewe alificha meno. Akakubali, mais anataka useme na sauti kubwa, bote basikie, na useme yote. Hata ya muzizi. Nilimuambia kuko kintu ya muzizi, sikumuambia nini.

Dimanche 25 novembre, kiisha misa, saa sita ya huku.

Mwadi


Etterbeek, 27 novembre 2007

Yaya Mwadi,

Salamu kwako, kwa maman, na kwa Emmanuella mwenye sijamujua. Ninaandika juu sijui nini ilifanyika kiisha réseau kukatika. Kwangu ilikatika ile saa. Kwenu sijui.

Ntakuambia namna ilikuwa upande ya huku. Maman Bibiane alinipa cabine ya mwisho mu téléboutique yake, ile yenye mulango haifungake muzuri. Aliniona na veste na cravate, akasema: "Papa Nday, unaenda kupiga simu ao kuoa?" Nilisema: "Hapana hata moja." Akaacha kucheka, akanipa chaise. Sikuikala. Balisema nisimame ku kaburi, donc nilisimama.

Nilisikia kwanza upepo. Yaya, ile upepo ya ku kilima, niliijua sawa sauti ya muntu. Nilifunga macho, na cabine ikaenda, na chaussée de Wavre na ba-bus yake ikaenda, nikaona nyasi. Nilisikia kuku. Nani alileta kuku ku makaburi? Kiisha sauti ya chef, anauliza na ile namna ya zamani:

"Weye ni nani?"

"Ni miye Nday, mutoto ya hapa."

"Ulileta nini mu mugini yetu?"

"Nilileta kifo ya Joël."

"Uliipata wapi?"

Ningeweza kusema mu vita, mu giza, nilichanganyikiwa. Ilikuwa pale tayari ku ulimi.

"Nilitengeneza mwenyewe," nikasema. "Sikuona maiti. Alikuwa muzima, alikuwa nalala na homa. Tulikuwa kamba moja. Yangu ilifunguka, nikaifunga ku muzizi ya muti, akivuta afikiri ni miye. Nikakimbia. Kiisha nikakuja kwenu, nikamuua na maneno."

Upepo tu. Kiisha nilisikia mwanamuke moja anasema "Mbwa!", si na nguvu, sawa muntu anataja jina ya kintu. Na wengine banapiga ulimi. Chef akasema, "Uchukue kifo yako." Nikasema, "Ninaichukua." Akasema, "Sema tena, na ule wa nyuma asikie." Nikapiga kelele: "Ninaichukua! Joël eko muzima! Ni miye nilidanganya!"

Kiisha nilisikia simu inapita ku mukono ingine. Muntu anapumua. Si chef. Nilijua ile pumuzi, yaya, nililalaka kando yake. Nikasema, "Joël." Pumuzi ikasimama. Na réseau ikakatika.

Nilitoka. Mu Galerie yote hakuna mwenye alikuwa anasema. Kumbe nilipiga kelele jusque salon ya mwisho. Kijana moja wa kike, upande moja ya kichwa imesukwa na ingine haiyasukwa, alikuwa amesimama ku mulango ananiangalia. Bibiane akasema polepole: "Papa Nday, nilifikiri unahubiri."

Nilitembea jusque ku étangs, ile maziwa kidogo ya kule Ixelles. Mayi ilikuwa nyeupe na mbingu nyeupe, sikuona fasi banaachana. Bata ilikuwa inaogelea mu hewa. Nilisimama pale, na ile mara hakuna mwenye alikuwa analima, hakuna mabega yenye ninajua. Mayi tu.

Joël alisema nini?

Nday


Kasongwa, 20 janvier 2008

Nday,

Bonne année kwako. Maman anakohoa, mais anakula. Sasa anajua yote, alikuwa ku kilima. Hataki nikuandikie neno yake, donc siandiki.

Kiisha simu kukatika, Joël aliirudisha kwa père, hakusema kintu. Chef akaamuru bachimbe. Balichimba ule mugomba. Ulikuwa umekuwa udongo mweusi, na kipande ya kikwembe yangu, ile nguo yenye niliufungia. Joël alichukua ile kikwembe akaikunja, akaweka mu mufuko. Chef akamuambia Rigobert aondoe jembe yake mu shamba. Rigobert aliondoa. Alilia, na sikumucheka, juu alilimaka ile shamba muzuri.

Kiisha chef akasema: "Na muke arudie kwa bwana yake." Nikasimama. Sikujua kama nitasimama. Nikasema: "Chef, miye si shamba. Hamuwezi kuniondoa kwa moja na kunipana kwa ingine kama jembe." Bale bamama ba hangar benye balikuwa inje bakapiga vigelegele jusque kuku ikakimbia. Chef akasema tuendelee na ingine. Sasa niko kwa maman na Emmanuella. Joël anapita jioni, anaikala ku mulango, anamukatia mutoto muwa. Hatujasema kintu kubwa. Rigobert hapiti.

Mais sikia ya maana. Joël alipewa kiti mu baraza. Siku ya kwanza aliikala, akasema: "Siwezi kulima peke yangu na bale beko nasimama ku njia. Muondoe na kifo yabo." Chef akauliza: "Kinywa yenye ilileta iko wapi? Wengine benye balileta habari balishakufa. Wengine ilikuwa uvumi tu." Joël akasema: "Nday alikuwa na siye kule. Aseme alituacha na nani bazima." Baraza ikasumbuka sana. Muzee moja akasema: "Muongo njo atakuwa shahidi?" Joël akamuitika: "Yeye njo alionyesha anaweza kusema kintu yenye inamuharibia jina."

Ile njo alisema juu yako. Nilimuuliza kama anakusamehe, akaendelea kukata muwa. Donc usiandike ile neno tena. Hapa kwa sasa hatuna kazi nayo.

Chef alikubali na sharti. Utataja benye ulijua, moja moja, banasimama mbele ya simu. Mais ukitaja hata muntu moja mwenye hukumujua, kwa huruma ao kwa kutaka kupendeza, yote inaanguka, hata ya Joël. Donc angalia kinywa yako. Dimanche ya Rameaux, ile ya matawi, saa sita ya huku.

Mwadi


Etterbeek, 2 mars 2008

Yaya Mwadi,

Nakusalimia, na maman, hata kama hataki salamu yangu. Uiweke tu karibu na kitanda yake.

Niko tayari. Ninatuma hii barua na abbé moja, padri, mwenye anarudia kule jeudi, labda itafika mbele ya Rameaux.

Miaka yote nilitumika kazi mbili huku: kuikala ku mulango na kusahau sura ya bantu ba kule mu pori. Sasa ninaziita. Asubui, mu métro, mbele bantu habayajaa, ninafunga macho na ninabaacha bashuke ku mto. Banakuja bila haraka. Mujinga ninamukumbuka, alikuwa anaimba na pua akiosha mchanga, na mulinzi alikuwa anachukia ile. Muzee moja alikuwa anatupigia hesabu ya siku na mawe, kiisha alianza kuongopa ili tujisikie karibu na Noël. Ndugu babili benye balikuwa bananuniana mu kamba moja. Bale ntabataja bila woga.

Mais kuko wengine, yaya, sikujua jina yabo wala sura. Balikuwa chini, mu mashimo ya kuchimba, sisi juu ku mto, na usiku, tukienda kubeba mchanga yabo, tulikuwa tunapitana tu mu giza ya tunnel bila taa, banatoka, tunaingia. Hakuna mwenye alikuwa na nguvu ya kusema. Mavumbi ilikuwa imejaa mu kifua ya bote. Tulijuana na kukohoa. Unasikia muntu mbele yako mu giza, unajua: huyu njo ule wa kavu-kavu, huyu njo ule wa kumaliza na filimbi, huyu njo ule mwenye anaomba pardon kiisha kukohoa. Siku moja humusikii, unaelewa.

Kwa bale siwezi kutaja jina, na sitadanganya. Donc umuambie chef, na Joël mwenye atajua maana yake: benye sitataja, bakuje karibu na simu, moja moja, bote banyamaze, na kila muntu akohoe. Mwenye ntamutambua, ntasema na sauti kubwa: huyu nilimuacha muzima. Mwenye sitamutambua, ntasema sikumutambua, na atanitukana, na atakuwa na haki.

Bibiane nilishamuambia. Atafunga téléboutique ile saa, na ataenda ku salon yote ya Galerie kubalomba bazime mashine na muziki. Alisema: "Dimanche, Papa Nday? Mbele ya fête? Bamama bataniua." Kiisha akaniangalia, akasema: "Bon. Batanyamaza."

Ntasimama mu cabine mbele ya saa. Simu ikishika, weye usiniite. Umuache wa kwanza akohoe.

Nday